Mlingoti wa Maji: Mti Unaotangulia Omo

Mlingoti wa maji ni mti mrefu unaochomoza mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo cha tanga. Milingoti mingine husimama wima juu ya sitaha. Huu hulala, au huinuka kidogo kuelekea juu, na sehemu yake kubwa huwa nje kabisa ya chombo, juu ya maji matupu. Mabaharia wa pwani ya Uswahili huuita pia dasturi. Anayeutazama kutoka ufukweni anaweza kuudhani pambo, na kweli mafundi wa nchi nyingi wameupamba kwa nakshi, rangi na sanamu. Lakini chombo cha tanga hakibebi mti usiokuwa na kazi, na kazi ya huu ni nzito kuliko umbo lake linavyoonyesha.

Habari zake zinahusu bahari zaidi, lakini haziko mbali na watu wa bara. Mkoa wa Geita una mwambao mrefu wa Ziwa Victoria, na vyombo vya tanga vilikuwa vikipita katika maji ya kusini mwa ziwa hilo miaka mingi kabla mgodi mkubwa wa kwanza wa Geita haujaanza kazi katika miaka ya 1930. Baadhi ya vyombo vya kwanza vilifika huko vikiwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi, kupitia nyika za Unyamwezi na Usukuma. Na mitumbwi ya wenyeji wa ziwa ilikuwa na ncha yake yenyewe iliyotangulia mbele ya omo, kabla tanga lolote la pwani halijaonekana huko. Ncha hiyo hufanana na mlingoti wa maji kwa mbali, ila haifanyi kazi ileile, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kila kimoja kiliundwa kwa ajili gani.

Kazi ya kwanza ya mlingoti wa maji ni kuuzuia mlingoti wa tanga usianguke. Upepo unaposukuma tanga, tanga husukuma mlingoti, na mlingoti ukikosa kushikwa huvunjika au hung'oka. Kwa hiyo hufungwa kamba nene kutoka kileleni: nyingine kwenda ubavuni, nyingine kwenda nyuma, nyingine kwenda mbele. Minara ya simu na redio iliyosimama kwenye tambarare za Shinyanga hushikwa kwa namna hiyohiyo, na fundi wake huzitia nyaya nanga ardhini mbali na shina, kwa sababu waya ulioshuka karibu na shina huvuta zaidi kuelekea chini kuliko pembeni. Chombo kina dhiki ambayo mnara hauna. Mahali pa kufungia kamba ya mbele huishia pale omo linapoishia, na mlingoti wa mbele mara nyingi husimama karibu sana na omo.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa dhiki hiyo. Tuseme mlingoti una urefu wa mita 10 kutoka sitaha, umesimama mita 3 nyuma ya ncha ya omo, na kileleni unavutwa kuelekea nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 1. Kamba ya mbele ikifungwa kwenye omo, italazimika kukazana kwa karibu tani 3.5 ili kuuzuia mlingoti, na mlingoti wenyewe utakandamizwa kuelekea chini kwa tani 3.3. Ukiongezwa mti wa mita 2 mbele ya omo, na kamba ikafungwa kwenye ncha yake, mkazo wa kamba hushuka hadi tani 2.2, na mkandamizo hadi tani 2. Mita mbili tu za mti zimepunguza mzigo wa kamba kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo sababu waunda meli walikubali kubeba mti mzito mahali pa hatari, ambapo kila wimbi kubwa huupiga.

Mzigo huo hauyeyuki. Huhamia kwenye mlingoti wa maji. Kamba ya mlingoti huvuta ncha yake juu, na mti ungeinuka na kukatika kwenye shingo kama usingezuiwa. Kwa hiyo kamba nyingine, au mnyororo, hutoka kwenye ncha ikishuka hadi kwenye hanamu, mti wa mbele wa chombo unaokata maji, karibu na uso wa maji, na kuivuta ncha chini. Kamba mbili za pembeni huizuia isiyumbe kulia na kushoto. Shina la mti huingia ndani ya chombo, hukazwa kati ya nguzo zilizoshikamana na mbavu za chombo, na pale mti unapovuka omo hufungwa kwa mizunguko mingi ya kamba au kwa pete ya chuma. Katika meli kubwa za karne ya 19 mti mmoja haukutosha. Uliunganishwa na mwingine mwembamba mbele yake, na kijiti kilichoning'inia chini kikatumika kupanua pembe ya kamba za kuvuta chini. Ustadi wote wa kamba hizo una shabaha moja: mti ukandamizwe kwa urefu wake, maana mbao hustahimili kukandamizwa hivyo vizuri zaidi kuliko kupindwa.

Katika meli ya milingoti mitatu kamba ya kila kipande cha mlingoti ilitegemea iliyo mbele yake. Mlingoti wa mbele ulishikwa na mlingoti wa maji, mlingoti mkuu ulishikwa kwenye mlingoti wa mbele, na mlingoti wa nyuma kwenye mkuu. Meli iliyovunjikiwa mlingoti wa maji katika upepo mkali ilikuwa hatarini kupoteza mlingoti wa mbele dakika chache baadaye, na vipande vya juu vya mlingoti mkuu baada ya hapo. Nahodha aliyepata ajali hiyo aligeuza chombo haraka ili upepo utoke nyuma, mzigo uondoke kwenye kamba za mbele, kisha mabaharia wakafunga kamba za dharura popote zilipoweza kushika.

Kazi ya pili ni kubeba matanga, na hapa ndipo mlingoti wa maji unapogusa jambo ambalo kila anayeendesha chombo cha upepo hulihisi mikononi mwake. Nguvu zote za upepo juu ya matanga zinaweza kuhesabiwa kana kwamba zinasukuma mahali pamoja. Vivyo hivyo, maji yanayokizuia chombo kisiende kombo huwa kana kwamba yanakizuia mahali pamoja. Mahali hapo pawili pakiwa karibu, chombo huenda njia yake bila ugomvi. Pale pa upepo pakiwa nyuma mno, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, husukumwa upande wa chini ya upepo na omo hugeuka kuufuata upepo unakotoka. Mshika usukani hulazimika kuusukuma usukani muda wote ili kurudisha njia, mkono unachoka, na usukani uliokaa mshazari huburuta maji na kupunguza mwendo.

Tanga dogo la pembetatu lililofungwa kwenye ncha ya mlingoti wa maji hutibu hali hiyo. Liko mbali sana mbele, kwa hiyo hata likiwa dogo lina nguvu ya kugeuza chombo, na husukuma omo mbali na upepo. Chombo kinapobisha, yaani kinapokwenda kwa mshazari kuelekea upepo unakotoka na kugeuka mara kwa mara, tanga hilo hufanya kazi nyingine ya thamani. Omo linapofika katikati ya upepo mwendo hupungua, na chombo chaweza kukwama hapo, matanga yakipigapiga bure. Baharia akilishikilia tanga la mbele upande wa zamani kwa muda mfupi, upepo hulijaza kinyume na kulisukuma omo hadi ng'ambo ya pili, ndipo matanga mengine yanapopata upepo tena. Vyombo vikubwa vya Ulaya vilibeba matanga ya namna hiyo matatu au manne, yaliyofuatana kutoka ncha ya mlingoti wa maji hadi karibu na mlingoti wa mbele.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Meli za Wareno zilizofika Malindi mwaka 1498 chini ya Vasco da Gama zilikuwa na mlingoti wa maji ulioinuka sana, na chini yake kulining'inia tanga la mraba lililokaa karibu na maji. Tanga hilo lilisaidia kugeuza omo, lakini katika bahari chafu lilichota mawimbi. Katika karne ya 17 manowari kubwa ziliongezewa mlingoti mdogo wa kusimama kwenye ncha ya mlingoti wa maji, wenye tanga lake la mraba, na ni vigumu kufikiria mahali pabaya zaidi pa kumtuma baharia. Mwanzoni mwa karne ya 18 matanga ya pembetatu yalianza kushika nafasi ya yale ya mraba, na mlingoti mdogo ukaondolewa. Mti wenyewe ukawa unalala zaidi na kurefuka zaidi, hadi wakati wa meli za mbio za kubeba chai na sufu. Moja kati ya hizo, Cutty Sark, iliyoundwa Scotland mwaka 1869, imehifadhiwa Greenwich, London, na mlingoti wake wa maji ungali mahali pake.

Zanzibar iliiona miti ya namna hiyo kwa karibu, na si kwa wageni tu. Mtawala wake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa na meli iliyoitwa Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833 kwa mtindo wa Ulaya, na mwaka 1840 meli hiyo ilivuka hadi New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Chombo chenye matanga ya mraba kisingeweza safari kama hiyo bila mlingoti wa maji na matanga yake ya mbele. Miaka zaidi ya 30 baadaye manowari ya Kiingereza iliyoitwa London ilitia nanga bandarini Zanzibar ikawa kituo cha mashua za kuwinda majahazi ya watumwa. Kwa hiyo Waswahili wa Unguja waliishi kwa muda mrefu wakiona mitindo miwili ya matanga ikielea bega kwa bega.

Mtindo wao wenyewe una mantiki tofauti. Jahazi la pwani hubeba tanga kubwa lililofungwa kwenye foromali, mti mrefu ulioning'inizwa mshazari kutoka kileleni mwa mlingoti. Ncha moja ya foromali hushuka mbele karibu na omo, nyingine huinuka nyuma juu sana. Jahazi linapobadili upande katika upepo mzuri, mara nyingi halipitishi omo katika upepo. Huzunguka kwa kupitisha tezi. Demani, kamba ya kuvutia tanga, hulegezwa, foromali husimamishwa wima, kisha hupitishwa mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake hadi upande wa pili. Kazi hiyo yahitaji mikono mingi na sauti moja ya kuongoza, na haisamehe uzembe.

Kwa sababu foromali hupita mbele ya mlingoti, kamba ya kudumu kutoka kileleni hadi omoni ingekuwa kizuizi. Jahazi halina kamba hiyo. Badala yake mlingoti wake huinamishwa mbele kidogo, na kamba za kuushika hufungwa ubavuni na nyuma, upande ule upepo unakotoka, zikihamishwa kila mara tanga linapohamishwa. Hivyo kazi ya kwanza ya mlingoti wa maji, ile ya kuushika mlingoti wa tanga, haipo katika jahazi, au ipo kidogo mno. Kinachobaki ni kubeba matanga. Dasturi hulivuta mbele joshi, ile pembe ya chini ya tanga iliyo upande wa upepo, ili tanga likae wazi na kukata upepo vizuri chombo kinapobisha. Pia hubeba tanga dogo la mbele, ambalo hushushwa haraka foromali inapotaka kupita. Kwa kuwa haibebi mzigo wa mlingoti mzima, dasturi ya jahazi huwa nyembamba na fupi ikilinganishwa na ile ya meli ya Kizungu, na mara nyingi hufungwa kwa kamba tu, iweze kutolewa chombo kikiwa bandarini kati ya vyombo vingine. Mvinje ulionyooka, mti unaopatikana kwa wingi ufukweni, hufaa kwa kazi hiyo.

Waarabu wa Kuwait walilitatua jambo hilohilo kwa umbo la chombo. Bumu, chombo kikubwa kilichokuja kila mwaka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji kununua boriti za mikoko, lilikuwa na hanamu iliyorefushwa ikachomoza mbele kama ulimi mrefu. Mti wa hanamu wenyewe ulifanya kazi ya dasturi. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika bumu liitwalo Bayan pamoja na nahodha wa Kuwait, Ali bin Nasr al-Nejdi, msimu wa 1938 na 1939, wakafika hadi Rufiji; kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1940 ni miongoni mwa maelezo bora kuhusu namna matanga hayo yalivyoendeshwa kabla injini hazijayashinda.

Tanga la pwani lilifika Ziwa Victoria kwa njia ya misafara ya Tabora. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliopita Unyamwezi kwenda Karagwe na Buganda walianza kujenga vyombo kwenye mwambao wa kusini, wakitumia mbao za huko na ujuzi wa kwao. Mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Songoro, alijenga jahazi Ukerewe katika miaka ya 1870. Desemba 1877 aliuawa katika mgogoro na Mtemi Lukonge wa Ukerewe, na pamoja naye wamisionari wawili wa Church Missionary Society, Smith na O'Neill. Jahazi hilo wamisionari walikuwa wamelinunua kwake. Kifo cha watu hao kinakumbukwa katika vitabu vya historia ya dini. Kwa historia ya matanga, jambo kubwa ni kwamba chombo cha mtindo wa pwani kilikwisha kuundwa ziwani, na mtu wa pwani, kabla ya misheni, serikali au kampuni yoyote.

Wazungu walileta vyombo vyao kwa njia ngumu zaidi. Mpelelezi Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874 na mashua iliyoitwa Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyogawanywa vipande vitano ili wapagazi waibebe. Msafara ulipita Ugogo na Usukuma, ukafika Kageye, mashariki ya Mwanza, Februari 27, 1875. Machi 8 mashua ilikuwa majini, na mwanzoni mwa Mei ilirudi Kageye baada ya kulizunguka ziwa. Misheni nayo ilibeba mashua yake Daisy kutoka pwani kwa mtindo huohuo. Aliyebeba mizigo hiyo ni mpagazi, na vipande vya mashua vilikuwa mzigo uliochukiwa kuliko yote: virefu, visivyopindika, visivyopita kirahisi kwenye njia nyembamba za msituni. Mlingoti na foromali vingeweza kukatwa popote penye mti ulionyooka. Mbao za mwili wa mashua hazikuwa na mbadala. Wanaume waliozibeba ndio walioifanya safari ya majini iwezekane, ingawa majina yao machache tu yameandikwa.

Alichokiona Stanley majini kilimstaajabisha. Mwaka huo Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa akipigana na watu wa Buvuma, na meli zake za vita zilikuwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, zaidi ya 300 kwa hesabu ya Stanley, mikubwa kwa midogo. Mkubwa kuliko yote aliupima akapata futi 72, yaani karibu mita 22, na nafasi ya wapiga kafi 64. Mitumbwi ya namna hiyo huitwa ya Sese, kwa jina la visiwa vya kaskazini magharibi mwa ziwa ambavyo mafundi wake walisifika. Lakini ilisafiri hadi mwambao wa kusini, na umbo lake likaenea ziwa zima.

Mkuku wa mtumbwi huo, yaani uti wake wa chini, ulikuwa gogo moja lililochongwa. Juu yake ziliongezwa mbao, zikatobolewa kandokando na kushonwa kwa nyuzi za mimea, na mianya ikazibwa kwa nyuzi za mgomba. Jambo la kushangaza lilikuwa mbele. Mkuku haukuishia kwenye omo. Uliendelea mbele yake, ukapita juu ya maji na kuinuka kidogo kama mdomo wa ndege. Kwenye ncha ya mdomo huo ulisimamishwa mti mwingine uliochongwa, ulioinuka wima na kuzidi kimo cha omo, na kileleni pake zikapachikwa pembe za mnyama na manyoya. Kamba iliunganisha mti huo na omo lenyewe, ikining'iniza vishada vya nyasi. Kwa hiyo mtumbwi ulikuwa kana kwamba una maomo mawili, moja likitangulia jingine.

Mtu wa pwani aliyeuona kwa mara ya kwanza angeweza kutafuta tanga kwenye mti huo, asilione. Mitumbwi ya vita na ya safari ilikwenda kwa makafi. Mdomo wa mkuku haukuhusiana na upepo wala na kamba ya mlingoti. Umbo lake lina faida ambazo mtu anaweza kuzihakiki mwaloni, pale mitumbwi inapotua, hata leo. Mtumbwi unapofika ufukweni kwa kasi, mdomo hutangulia kugusa mchanga au jiwe, na pigo hupokelewa na gogo moja gumu badala ya mbao zilizoshonwa, ambazo zingefumuka. Mdomo huo pia ni mshiko: watu huushika kuuburuta mtumbwi nje ya maji au kuusukuma ndani. Na gogo lililopita nje huulinda mshono wa omo, mahali palipo dhaifu kuliko pote katika chombo cha kushonwa. Mti wa wima wenye pembe ulikuwa wa fahari na wa kutambulisha mwenye mtumbwi, jambo ambalo sanamu za omoni mwa meli za Ulaya zilifanya pia, chini ya mlingoti wa maji.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Meli ya Ulaya ilitoa mti mbele kwa ajili ya mlingoti wake na matanga yake. Jahazi lilitoa mti mbele kwa ajili ya joshi na tanga dogo. Mtumbwi wa Sese ulitoa mkuku mbele kwa ajili ya ufukwe. Vyote vitatu vimetanguliza kitu mbele ya omo, na kila kimoja kinaweza kueleweka tu kwa kuuliza ni nguvu gani inayokigusa: upepo uliopitia kamba, upepo uliopitia tanga, au mchanga na mawe.

Mitindo hiyo ilianza kuchanganyika pale wenyeji wa ziwa walipochukua tanga la pwani na kuliweka kwenye mtumbwi wao. Tanga la foromali huhitaji mlingoti mfupi tu na kamba chache, na linafaa kwa upepo wa ziwa, ambao mchana huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu na usiku hugeuka kutoka nchi kavu kwenda majini. Mvuvi aliyezijua saa hizo aliweza kutoka na upepo wa alfajiri na kurudi na upepo wa alasiri bila kupiga kafi sana. Katika mtumbwi wa namna hiyo joshi na ncha ya chini ya foromali hufungwa omoni, na mkuku uliochomoza mbele huipa kamba mahali pa kushika bila kuongeza mti mwingine. Mdomo uliochongwa kwa ajili ya ufukwe ukawa unafaa pia kufanya sehemu ndogo ya kazi ya dasturi. Ni mfano mzuri wa akili ya mafundi wa ziwa: hawakuiga jahazi zima, walichukua kile kilichowafaa.

Vyombo vya mizigo vilifuata njia nyingine. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli ya moshi William Mackinnon ikiwa imekwisha kuanza kazi ziwani, majahazi ya wafanyabiashara yaliendelea kubeba ngozi, karanga, mpunga na pamba kutoka bandari ndogo za kusini ambazo meli kubwa hazikuzifikia. Kwao mlingoti wa maji ulikuwa na maana ileile ya pwani. Kabla ya hapo mhandisi wa misheni, Alexander Mackay, alikuwa ameishi miaka yake ya mwisho Usambiro, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, akiunda boti ya mvuke kwa ajili ya ziwa. Alifariki huko Februari 1890 kabla haijakamilika. Mvuke, na baadaye dizeli, ndivyo vilivyoondoa haja ya mlingoti wa maji katika vyombo vikubwa. Meli isiyosukumwa na upepo haina tanga la kusawazisha wala mlingoti wa kushika. Hata baharini, meli za chuma za mwisho zilizotumia matanga, kuelekea mwisho wa karne ya 19, zilifupisha mti huo ukawa kipande kimoja cha chuma, kwa sababu baharia aliyepanda kwenye ncha yake kukunja tanga wakati wa dhoruba alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake aliyekuwa juu ya mlingoti. Wavu ulitandazwa chini yake kumdaka anayeteleza. Wimbi lilipomkuta kwenye wavu huo, si kila mara lilimwacha.

Mlingoti wa maji haujafa duniani. Meli za kufundishia mabaharia bado zinao, na miongoni mwao ni Shabab Oman II ya jeshi la wanamaji la Oman, meli ya milingoti mitatu iliyoanza kazi mwaka 2014. Boti za mashindano zina kijiti cha kaboni kinachotolewa mbele pale tu tanga kubwa la upepo wa nyuma linapopandishwa, kisha hurudishwa ndani. Zanzibar na Lamu, mashindano ya majahazi huwapa mabaharia sababu ya kuirudisha dasturi mahali pake, maana mwenye tanga la mbele huwashinda wasiokuwa nalo katika kubisha.

Katika mialo ya Geita, Nkome na Nungwe ikiwemo, na katika visiwa vilivyo mbele yake, mtumbwi wa mbao wenye asili ya Sese ungali chombo cha mvuvi wa dagaa na sangara. Mbao sasa hupigiliwa misumari badala ya kushonwa. Pembe na manyoya vimetoweka, na mti wa wima uliovibeba haupo tena. Tezi ambalo zamani lilichongoka kama omo, katika mitumbwi mingi hukatwa likawa bapa ili injini ifungwe hapo. Upande wa nyuma umebadilika kwa sababu nguvu ya kukisukuma chombo imebadilika. Upande wa mbele umebadilika kidogo tu. Mkuku bado hupita mbele ya omo kwa kiasi cha kushikika kwa mikono miwili, kwa kuwa mtumbwi ungali unafika pale ulipofika zamani, kwenye mchanga na mawe, na mbao zake bado zinahitaji kitu kigumu kitakachotangulia kugusa.